Kabla Hujapaka Kahawia

Jericho, Nairobi
Ijumaa, alasiri

Mwanangu Nafula,

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyetushika mkono sote mpaka leo. U hali gani, mama? Najua ni jambo la kuchekesha kukuuliza hali ilhali asubuhi hii tumekunywa chai pamoja, na nimekusikia ukipiga chafya kwa vumbi la sanduku. Lakini barua hii utaifungua ukiwa umeshafika, na mtu akishafika mbali hali yake huwa mpya, mama yake haijui tena. Kwa hiyo nauliza kweli. Miguu haikuvimba kwa safari? Ulipata usingizi? Maji ya huko yananyweka? Mumeo Mutua hajambo? Sisi huku, kwa saa hii ninayoandika, tu wazima. Baba yako yuko kiwandani, zamu ya mchana. Wewe umeenda Huruma kumuaga shangazi yako Rasoa, na Rasoa hamwachilii mtu kabla hajamlisha na kumwombea, kwa hiyo ninajua nina saa kadhaa za peke yangu. Nimeketi mezani kwenye chumba cha mbele, naandika kwa kalamu yako ya zamani ya shule. Unisamehe mwandiko. Darasa la saba ni mbali sasa.

Sitakuandikia habari za kupika wala kufua wala namna ya kuishi na mume. Hayo wanawake wa kanisa walikwambia siku ile walipokuketisha katikati, wakasema mpaka sauti zikawakauka, na mengine yalikuwa ya kweli. Mimi nataka kukuandikia habari ya rangi.

Usicheke. Jumanne, barua ya Mutua, aliyetangulia kurudi kazini kesho yake ya harusi, ilipofika, ikasema nyumba mliyopewa huko kwenye shamba la mkonge ina chumba cha kulia peke yake, chenye mlango wake na madirisha mawili, na kwamba fundi wa shamba ameambiwa asiguse chumba hicho mpaka wewe ufike useme unataka rangi gani, nilifurahi nikasimama bila kujua nimesimama. Chumba cha kulia peke yake. Katika ukoo wetu wewe ndiye wa kwanza. Nikakuuliza utachagua rangi gani. Ulikuwa unakunja shuka. Hukuinua uso.

"Kahawia, mama. Ya mafuta, kutoka chini mpaka juu. Haionyeshi mkono."

Ukaendelea kukunja. Baba yako akasema kahawia ni rangi nzuri, haina kazi nyingi. Mimi nikaingia jikoni nikafunua sufuria ambayo haikuwa na kitu ndani, nikaifunika tena. Maana nilijua mkono unaousema ni upi, na nilijua ni nani aliyekufundisha kuuficha.

Ndiyo maana ninaandika. Fundi wako anakungoja Jumatatu. Kabla hujamwambia neno lolote, nataka usome haya mpaka mwisho, halafu uamue mwenyewe.

Nianze mbali kidogo, uniruhusu.

Ulipokuwa mdogo, tulikuwa tunakaa chumba kimoja kule Huruma, wewe labda unakumbuka pazia tu. Upande huu wa pazia kitanda, upande ule stovu ya mafuta taa, na kuta zilikuwa zimeshika moshi mpaka ukipitisha kidole kinatoka cheusi. Mimi nilikuwa nikifanya kazi ya nyumbani kwa mama mmoja kule juu, upande wa matajiri. Nyumba ile ilikuwa na vyumba ambavyo mpaka naacha kazi sikuvijua ni vya nini. Lakini chumba cha kulia nilikijua. Nilikijua kuliko wenyewe.

Sijui nikuelezeje rangi yake. Haikuwa nyeupe. Nyeupe ni ya hospitali. Ilikuwa kama ganda la yai ukiliinua juani ukalitazama kwa ndani. Saa nne za asubuhi, wenyewe wakiwa wameshatoka, jua lilikuwa linaingia kwa dirisha la upande wa jikoni, na chumba kilikuwa kinajaa pole pole, kama karai linavyojaa maziwa. Meza inang'aa, viti vinang'aa, hata mikono yangu mimi, mikono hii unayoijua, ilikuwa inaonekana kama mikono ya mtu aliyepumzika. Nilikuwa nikisimama pale na kitambaa cha kupangusia, nikasahau kilichonileta. Mara nyingine nilikuwa naomba nikiwa nimesimama hivyo. Sikuwa naomba kitu. Nilikuwa nimetulia tu mbele za Mungu, na mwanga ukinipanda kutoka miguuni.

Nikajiambia, siku Bwana atakaponipa nyumba yenye chumba cha mbele, nitapaka rangi hii.

Bwana hakusahau, ingawa alichukua muda wake. Baba yako alipopata kazi ya kudumu kiwandani tukapata nyumba hii. Ulikuwa na miaka tisa. Aliyetoka alikuwa ameiacha kama nyumba zote za mstari huu zilivyokuwa: kijani kizito cha mafuta kutoka sakafuni mpaka kiunoni, na juu yake chokaa iliyokuwa nyeupe zamani. Kama shule, kama zahanati, kama kituo cha polisi. Kila mtu alipaka hivyo kwa sababu watoto wana mikono na wageni wana migongo, na kijani hakisemi.

Unakumbuka ile karatasi ya vipande vya rangi? Niliipata kwa duka la vifaa vya ujenzi kule Gikomba. Nilimwomba mwenye duka kwa upole mpaka akanipa nije nayo nyumbani. Vilikuwa vipande vidogo kama stempu, vimepangwa safu safu, kila kimoja na jina lake la Kizungu chini, na mimi majina yale sikuyaweza. Ndipo wewe ukaanza kuyapa yetu. Tulikuwa tunalala kwenye mkeka, wewe na mimi, katikati ya chumba kitupu ambacho bado hakikuwa na kiti, tunaitundika karatasi ukutani kwa uzi na kuitazama. Asubuhi tunaitazama. Mchana tena. Jioni taa ikiwashwa, tena. Kipande kimoja ukakiita Maziwa ya Jana. Kingine Unga Uliochekechwa. Kingine Leso ya Bibi Iliyofuliwa Sana. Kulikuwa na kimoja cha buluu hafifu ambacho nilikipenda, ukasema, hapana, ukutani pale baba atakuwa anakula kama mtu mgonjwa. Nikakitazama tena jioni na kweli, uso wako ukikaa karibu nacho ulikuwa kama wa mtoto mwenye njaa.

Tulichukua majuma mawili hivyo. Nakwambia kweli, Nafula, katika maisha yangu yote sijui kama nimewahi kuwa na majuma mengine kama hayo. Mvua ilikuwa inanyesha kila alasiri, na mwanga ulikuwa unakuja na kuondoka, na rangi zilikuwa zinabadilika mbele ya macho yetu kama watu wanaofikiri. Ile ya Maziwa ya Jana asubuhi ilikuwa tamu, jioni inageuka njano kama mtu wa homa. Unga Uliochekechwa mchana ulikuwa mkali, unaumiza jicho. Siku moja ulikuwa umelala kifudifudi, kidevu kwenye mikono, ukanyoosha kidole. Ilikuwa ya safu ya tatu, ya mwisho. Ganda la yai lenyewe. Ile niliyoibeba kichwani miaka sita bila kumwambia mtu, wala wewe sikuwa nimekwambia. Na ukaichagua wewe.

Hilo nataka ulishike. Rangi ya chumba hiki ni wewe uliyeichagua.

Fundi alikuwa Kioko, yule Mkamba mfupi aliyekuwa akikaa mstari wa nyuma. Aliposikia rangi ile akaweka brashi chini akanitazama. "Mama Nafula, rangi hii na watoto wanne? Si uniambie tu unatafuta vita, nikuletee panga." Nikamwambia apake. Akasugua kijani kwa msasa siku nzima, akapaka andakoti, ile rangi ya chini, mara mbili ili kijani kisije kikachungulia, halafu akapaka yetu. Alipomaliza akasimama mlangoni akasema, haya, sasa mtafute mahali pa kukaa, maana humu hamtakaa.

Nilimcheka. Lakini Kioko alikuwa ameona mbele kuliko mimi.

Nilibadilika, mwanangu. Sikujua kama ninabadilika. Ilianza na wageni. Mama Mchungaji aliingia akasimama katikati akasema, Mama Nafula, humu ndani ni kama asubuhi. Ushirika wa Alhamisi ukahamia kwangu, kila wiki kwangu, na wanawake wakawa wanaleta wenzao waje waone. Nikashona vitambaa vya viti. Nikapaka sakafu nta nyekundu. Halafu nikasema watoto watakula jikoni siku za kazi na mezani Jumapili, halafu hata Jumapili nikawa nakaa nikitazama mikono yenu badala ya nyuso. Mnakula huku viwiko mmevibana kama watu walio kwenye foleni. Mama Mutheu, jirani, alinitania mbele ya watu bombani, akasema, "Dada, hawa watoto wako wanakula kwa nani? Mimi nikiwaona kwangu nisishangae?" Watu wakacheka, nami nikacheka nao, nikarudi nyumbani nikapangusa ukuta.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu inakuwa nzito.

Ilikuwa Alhamisi. Tulikuwa na wageni kutoka parokia nyingine, akina mama wenye heshima, na mimi nilikuwa nimepika kuku wa mchuzi wa bizari. Wewe ndiye uliyekuwa unapeleka mabakuli. Karibu na meza ukateleza kwenye nta yangu. Ukashika bakuli kwa mkono wa kushoto, hukumwaga hata tone, na wa kulia, ambao ulikuwa na mchuzi, ukaupiga ukutani ili usianguke. Ulipouondoa, mkono ukabaki pale. Vidole vitano na kiganja, vya manjano, juu ya ganda la yai.

Mtoto wa miaka tisa aliyeokoa chakula cha wageni. Hivyo ndivyo ninavyoiona leo. Siku ile sikuona mtoto wala chakula. Nilicheka mbele ya wageni, nikasema, ah, watoto. Walipoondoka nikakupa waya wa kusugulia masufuria. Nikakusimamia. Ukasugua manjano yakatoka, na sikukwambia uache, ukasugua mpaka rangi yetu ikatoka, ukasugua mpaka kijani cha zamani kikatokea chini. Ndipo nikakwambia yale maneno. Nimeyaomba yanitoke kichwani miaka kumi na mitatu na hayajatoka, kwa hiyo acha niyaandike, usije ukadhani nimeyasahau. Nilisema, "Mkono kama huu hauna kazi mezani pa watu. Utakula jikoni mpaka ujifunze pa kuuweka."

Hukulia. Uliuficha kwapani.

Baada ya wiki chache hasira iliniisha, nikadhani na hukumu imeisha nayo. Wazazi ndivyo tulivyo. Tunasema neno, linatutoka, tunaenda zetu, tunadhani kila mtu ameenda. Jumapili nikaita watoto wote mezani, wenzako wakakimbilia viti, wewe ukasema umeshiba. Jumapili iliyofuata ukasema utakula baadaye. Halafu hukusema kitu tena, ulikuwa tu unachukua sahani yako na kwenda jikoni, na mimi, Mungu anisamehe, nikaona ni adabu. Niliwaambia watu, Nafula wangu ni mtoto asiyetaka makuu.

Ile sehemu uliyoisugua niliita Kioko aizibe. Tulinunua rangi ya jina lile lile, kutoka duka lile lile, lakini haikukubali. Ilikauka nyeupe kidogo zaidi, kiraka cha ukubwa wa sinia. Kioko akasema ndivyo rangi nyepesi zilivyo, ukuta mweusi unasamehe kiraka, mweupe unakumbuka. Nikatundika kalenda ya kanisa juu yake. Kila Januari nimekuwa nikiondoa ya zamani na kuweka mpya upesi upesi, kama mtu anayefunga jeraha bila kulitazama.

Leo ulipoondoka nimeitoa nikakiangalia. Nimekaa mbele yake muda mrefu. Jua la alasiri lilikuwa limefika pale, na kiraka kilikuwa kimekaa kwenye ukuta kama dirisha dogo la chumba kingine. Na pale nilipokuwa nimekaa, ile nyumba ya matajiri ikanirudia. Chumba kile chenyewe, mwanga ule wa saa nne. Nimekikumbuka kila siku ya maisha yangu, lakini leo ndipo nilipowaona watu waliokuwamo.

Watoto wa mama yule walikuwa wawili, wavulana. Walikuwa wanakula kama ndama. Uji ukutani, mayai ukutani, siku moja mdogo alichovya viganja vyote viwili kwenye supu akavipiga ukutani kwa furaha tu, na mama yao akacheka mpaka akafuta machozi. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kitambaa. Kesho yake saa nne ukuta ulikuwa safi, na mimi nikasimama nikiushangaa ukuta kwa usafi wake, kama kwamba malaika ndiye aliyepita. Alikuwa ni mimi, Nafula. Ule mwanga niliokuwa ninauona ulikuwa umepanguswa na mkono wangu mwenyewe, kila siku, miaka yote ile.

Basi mimi nilipotoka pale niliichukua rangi nikaileta nyumbani. Kicheko cha yule mama sikukichukua, sikujua kama kina kazi. Na mtumishi wa kupangusa nilimleta pia bila kujua, maana rangi ile haikai bila mtumishi, na nilipomtafuta ndani ya nyumba nikakuona wewe.

Hilo limenichukua miaka kumi na mitatu kulielewa, na sikulielewa kwa akili yangu. Nimelielewa kwa sababu ya Jumamosi iliyopita.

Harusi yako ilikuwa nzuri. Watu wa kwetu waliotoka Bungoma na watu wa Mutua waliotoka Machakos waliimbiana mpaka wakakosa pumzi. Meza ya maharusi nilikuwa nimeipamba mwenyewe. Nikaangalia, Mutua yuko, kiti chako ni kitupu. Nikazunguka nyuma ya hema kukutafuta. Ulikuwa umesimama kati ya masufuria, ndani ya gauni lako jeupe, umegeukia turubai, unakula wali kwa haraka kutoka kwenye kifuniko. Mkono wako wa kushoto ulikuwa umeukinga ule wa kulia ili mtu asiuone. Sikukuita. Nilirudi nikaketi na wakwe zetu nikatabasamu, maana kutabasamu mbele ya wageni nimejua siku nyingi.

Na leo mchana. Siku yako ya mwisho chini ya paa hili. Niliandaa meza, wewe na mimi tu, nikatandika kile kitambaa cheupe. Nikakwambia karibu. Ukachukua sahani yako kutoka mezani, kwa upole, kama mtu anayechukua kitu chake alichosahau mahali, ukaenda jikoni.

"Kaa hapa, mama," nilikwambia.

"Nimezoea, mama," ukasema.

Hukusema kwa ubaya. Ungesema kwa ubaya ningejibu.

Sasa nisikilize. Mungu nimemwomba msamaha wa jambo hili mara nyingi, magotini, kwa machozi mengi. Kumwomba Mungu kulikuwa rahisi, maana Mungu hatuketi naye tukinywa chai akinitazama usoni. Wewe sikukuomba. Kwetu mzazi haombi mtoto msamaha, anampikia tu kitu kizuri na mtoto anatakiwa kuelewa. Nimekupikia vitu vizuri vingi. Lakini sasa naona kila nilichokupikia ulikila jikoni.

Basi nakuomba, Nafula. Nilikukosea. Mkono wako haukuwa na kosa siku ile na hauna leo. Naandika kwa jina langu, Rispa Nanjala, mama yako, nikiwa na akili zangu timamu.

Na habari ya chumba. Mimi nimekuwa nikikitembelea huko tangu Jumanne, ingawa sijawahi kufika upande huo wa nchi. Nikifumba macho naingia. Madirisha mawili, Mutua ameandika, moja linatazama mashariki na jingine linatazama mkonge. Nawaza mkonge ulivyo, safu baada ya safu mpaka macho yanachoka, na ardhi nyekundu katikati. Nadhani asubuhi mwanga wa huko ni mkali, unaingia ukiwa umepita juu ya udongo huo na umebeba wekundu kidogo. Ukipaka nyeupe tupu itakupigia kelele. Ukipaka krimu nzito itakuwa njano ifikapo saa sita. Mimi ningetafuta kitu chepesi chenye tone moja la waridi ndani yake, kama kiganja cha mtoto mchanga. Mwambie fundi apake kipande kidogo karibu na kila dirisha, mkae nacho siku mbili, mkitazame wakati ule hasa mtakaokuwa mnakula. Rangi ikiwa mbichi usiiamini, inadanganya. Ikikauka ndiyo inasema.

Halafu wacha ichafuke. Hapo ndipo mimi nilishindwa, sina mfano wa kukuonyesha. Nadhani mtu anaweza kukaa katika chumba chenye mwanga na alama za vidole ukutani, na mwanga usipungue. Sijakaa humo. Lakini yule mama tajiri alikaa, nilimwona kwa macho yangu. Na ukitaka kupangusa, pangusa na Mutua, akiwa na kitambaa chake.

Lakini sitaki niwe nimekutoa kwenye neno langu moja nikakutia kwenye neno langu jingine. Kama unaipenda kahawia, kama ukiiona moyo unatulia, mwambie fundi apake kahawia mpaka dari, na mimi nikija nitaisifu kwa dhati. Nyumba ni yako. Ninachoomba ni kimoja tu, usiichague ili ifiche mkono wako. Uchague kwa macho yale uliyokuwa nayo kwenye mkeka.

Nakusikia uani. Unasalimiana na Mama Mutheu, anakutania kwamba sasa utarudi hapa ukiongea Kitaita cha huko kwenye mkonge. Acha nifiche karatasi.

Nimerudi. Ni saa mbili kasoro, wewe unaoga, nami namalizia mbio mbio kabla baba yako hajaingia.

Umeona mwenyewe kilichotokea, lakini nakiandika, maana sijui kama umekijua kwa upande wangu. Kuku alipoiva ulijipakulia, ukaenda kukaa kwenye kigoda chako karibu na jiko. Mimi nilikuwa na sahani yangu mezani. Sikukuita tena. Nikachukua sahani nikaja. Ukaniambia, mama, humu kuna moshi, utaharibu hiyo nguo, rudi mezani. Nikakwambia, "Sogea kidogo."

Ukasogea. Ukanitazama kama mtu anayengoja kuambiwa amekosea nini. Kigoda ni kimoja, nikakaa kwenye ndoo ya maji iliyofunikwa, magoti yangu yakigusa yako, na nilipomega ugali sikuwa na mahali pa kuweka mkono ila juu ya sahani yako. Nikachukua firigisi nikaiweka kwenye sahani yako. Ukasema, hiyo ni ya baba. Nikasema baba yuko zamu, na mimi na wewe hatutasema. Ukacheka. Ukaikata kwa meno, ukanirudishia nusu kwa mkono wako wa kulia, ukaushikilia mbele yangu hewani, na mchuzi ukawa unadondoka, na hukuuficha.

Nilikula kutoka pale pale. Jikoni petu ni peusi, hakuna mtu aliyewahi kupapaka rangi yoyote, na mimi sikumbuki nimewahi kula mahali penye mwanga kama pale.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Barua naiweka kati ya leso zako, chini kidogo, usiione kabla ya kufika. Bwana akutangulie njiani na akukute mlangoni. Msalimie Mutua.

Tafadhali nijibu upesi, hata kama ni mistari miwili. Kama habari ya msamaha bado ni nzito, iache, nitangoja. Niambie tu fundi amepaka rangi gani, na jioni mnapokula wewe unakaa upande gani wa meza.

Ni mimi mama yako,
Rispa Nanjala